Nani Ameshika Usukani? Dhamiri ya Dereva katika Gari Linalojiendesha Nusu



Kijana mmoja fundi wa magari aliniuliza hivi baada ya kipindi cha vijana: "Frateri, haya magari yanayojishikia usukani yenyewe, likigonga mtu, dhambi inakuwa ya nani?" Wenzake walicheka, lakini swali lile si la kuchekesha. Ni swali la zamani lililovaa nguo mpya: mtu anahesabiwa tendo lipi, na kwa masharti gani? Leo nataka tulitembee pamoja hatua kwa hatua, maana yapo majibu mawili yanayokuja haraka mdomoni, "kosa la mashine" na "kosa la dereva, basi", na yote mawili yanatuacha pabaya.

Kwanza tujue ni gari gani

Chama cha wahandisi kiitwacho SAE kina ngazi 6 za kupima gari linajiendesha kiasi gani, kuanzia 0 hadi 5. Ngazi ya 0 dereva anaendesha mwenyewe, hata kama gari lina vifaa vya kumwonya au breki ya dharura. Ngazi ya 1 gari linamsaidia jambo moja, kwa mfano kushikilia mwendo na kuacha nafasi kati yake na gari la mbele. Ngazi ya 2 gari linashika usukani na mwendo kwa pamoja. Ukifika ngazi ya 5, gari linakwenda lenyewe popote ambapo dereva angeweza kwenda.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Katika ngazi ya 2 dereva bado ni dereva. Gari linafuata kona, linapunguza mwendo, linaongeza, lakini kazi ya kutazama barabara ni yako, sekunde kwa sekunde. Mfumo wa Tesla ulioitwa Autopilot uko kwenye ngazi hii. Ukisikia jina hilo unafikiria rubani mwingine amekaa pembeni yako, kumbe maelekezo yake yanamtaka dereva awe macho na awe tayari wakati wote. Jina linaahidi mapumziko, maelekezo yanadai kukesha. Liwekeni hilo moyoni, tutalirudia.

Usiku mmoja mjini Tempe

Tarehe 18 Machi 2018, siku ya Jumapili, karibu saa 4 usiku, mama mmoja wa miaka 49 alikuwa anavuka barabara akisukuma baiskeli yake mjini Tempe, jimbo la Arizona, Marekani. Hakuwa kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Gari la majaribio la kampuni ya Uber, aina ya Volvo XC90, lilimgonga, akafariki. Wakati huo kompyuta ndiyo iliyokuwa inaendesha. Kwenye kiti cha dereva alikuwepo mtu aliyeajiriwa kutazama, na kushika usukani pale kompyuta ikikosea.

Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, NTSB, ilitoa matokeo yake Novemba 2019. Yanaumiza kuyasoma. Mitambo ya gari ilimwona mama yule sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Barabarani huo ni muda wa kutosha kufanya kitu. Lakini kompyuta ikawa inabadilisha mawazo: hili ni gari, hapana, ni kitu kingine, hapana, ni baiskeli. Kila ilipobadilisha, ilianza upya kukisia anaelekea wapi. Haikumtambua hata mara moja kuwa ni mtu anayetembea kwa miguu, kwa sababu waliounda programu hawakuweka ndani yake wazo kwamba mtu anaweza kuvuka pasipo kivuko. Breki ya dharura iliyowekwa na Volvo wenyewe ilikuwa imezimwa kila kompyuta ya Uber ilipokuwa inaendesha. Kampuni ilikuwa imeshapunguza watu ndani ya gari kutoka wawili hadi mmoja. Na yule mmoja, kwa mujibu wa bodi, macho yake yalikuwa kwenye simu.

Mwaka 2019 waendesha mashtaka walisema kampuni haina kesi ya jinai ya kujibu. Yule aliyekaa kwenye kiti alishtakiwa mwaka 2020, na mwaka 2023 alikiri kosa la kuhatarisha maisha, akawekwa chini ya uangalizi wa mahakama kwa miaka 3.

Sawa, lile lilikuwa gari la majaribio, halikuwa la kuuzwa dukani. Lakini kiti alichokalia yule mtu kinafanana sana na kile anachokalia dereva wa ngazi ya 2 kila siku. Mashine inafanya kazi, wewe unailinda mashine.

"Ni mashine tu"

Tuanze na jibu la kwanza, kwamba mashine ndiyo yenye kosa. Mashine inaweza kuharibika na inaweza kukosea hesabu, lakini haiwezi kutenda dhambi. Haina akili ya kulijua jema wala utashi wa kulichagua. Huwezi kuipeleka kwenye kitubio. Hata hati ya Vatikani kuhusu akili mnemba, Antiqua et Nova, iliyotolewa Januari 2025, inakazia kwamba mwenye kuwajibika kimaadili ni binadamu, kuanzia anayebuni chombo mpaka anayekitumia.

Lakini dereva anaweza kujitetea: "Mimi sikufanya kitu. Gari ndilo lilikuwa linaendesha." Hapa Mtakatifu Thomas wa Akwino anatusaidia. Katika Summa Theologiae, sehemu ya I-II, swali la 6, anauliza kama jambo linaweza kuwa la hiari hata pasipo tendo lolote. Anajibu ndiyo, na anatoa mfano wa chombo cha majini. Chombo kikizama kwa sababu mshika usukani ameacha kukiongoza, kuzama kule kunahesabiwa kwake, ingawa yeye "hakufanya kitu". Kuacha nako ni njia ya kuchagua.

Thomas hakuishia hapo, aliweka masharti mawili. Ili kuacha kwangu kuhesabiwe kwangu, ni lazima niwe niliweza kutenda, na niwe nilipaswa kutenda. Sharti moja likikosekana, huwezi kuniwekea mzigo ule.

Sharti la kupaswa ni rahisi kulijibu. Aliyekaa nyuma ya usukani anapaswa kutazama, iwe kwa sheria, kwa mkataba au kwa upendo wa jirani. Lakini je, aliweza?

Macho yana mwisho

Mwaka 1948 mwanasaikolojia Norman Mackworth alichapisha majaribio yake Uingereza. Alikuwa anatafuta kuelewa kwa nini watu wanaokaa kutazama rada wanakosa kuona vitu. Aliwakalisha watu mbele ya mshale unaozunguka kama wa saa, akawaambia wasubiri mshale uruke hatua mbili kwa mpigo, jambo lililotokea mara chache. Ndani ya nusu saa uwezo wao wa kuona ulishuka. Hawakuwa wavivu. Binadamu ndivyo tulivyo.

Mwaka 1983 Lisanne Bainbridge aliandika makala ambayo wahandisi wanaijua mpaka leo, kuhusu kinyume kinachojificha ndani ya mitambo inayojiendesha. Kadiri unavyoipa mashine kazi nyingi, ndivyo unavyomwachia binadamu ile kazi asiyoiweza: kukaa bila shughuli, akisubiri jambo ambalo karibu halitokei, halafu likitokea aokoe kila kitu ghafla.

Ukiendesha mwenyewe kutoka Dodoma hadi Morogoro, matuta, malori na bodaboda vinakuweka macho. Kazi yenyewe inakuamsha. Ukinyang'anywa kazi ukaachiwa kutazama tu, mwili unatulia na mawazo yanasafiri. Aliyewahi kukaa saa nzima ya kuabudu Ekaristi usiku wa manane ananielewa, tena pale hakuna hata anayeharakisha kufika.

Sasa tuna fundo. Mafundisho ya maadili yana kanuni ya zamani: hakuna anayefungwa na jambo lisilowezekana. Kama binadamu hawezi kulinda kwa saa mbili mfululizo mashine ambayo hukosea mara chache, tutamhukumuje kwa kushindwa? Sitaki turuke hili fundo haraka haraka, maana wapo watu waliopoteza maisha na wapo waliopoteza amani yao humo.

Mimi naona hivi. Tunakosea tunapoitafuta hatia kwenye sekunde ya mwisho. Katika sekunde ya mwisho pengine dereva kweli hakuweza. Tuitafute nyuma kidogo, pale alipokuwa bado anaweza. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili kwa Nikomako, anataja sheria zilizomwadhibu mlevi mara mbili kwa kosa alilofanya akiwa amelewa. Wakati anakosea hakujua anachofanya, ni kweli, lakini kutokulewa kulikuwa mikononi mwake. Katekisimu namba 2290 inakwenda njia hiyohiyo inaposema kuwa wanaohatarisha maisha barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi wanabeba hatia nzito.

Kwa dereva wa gari linalojiendesha nusu, mahali pa kuchagua ni pale alipoitoa simu mfukoni. Ni pale alipowasha mfumo kwa sababu ana usingizi, badala ya kusimama alale. Ni pale alipoamua kuliamini jina la mfumo na kuyaacha maelekezo. Udhaifu wa macho yetu haufuti wajibu, unausogeza mbele ya safari. Siwezi kuahidi kwamba mawazo yangu hayatatangatanga. Naweza kabisa kuahidi kwamba simu itakaa ndani ya begi. Sisi Wakatoliki tunalijua hilo tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza: kukimbia nafasi za dhambi. Ajuaye kwamba ni dhaifu ana wajibu wa kupanga mambo yake kama mtu dhaifu.

Ng'ombe mwenye pembe

Je, tumwachie dereva mzigo wote? Fungueni Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, aya ya 28 na 29. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe anauawa na mwenyewe anaachwa huru. Lakini kama ng'ombe yule alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, na mwenyewe ameonywa asimfunge, hapo mwenye ng'ombe anajibu kwa maisha yake. Tazama maswali ambayo sheria ile inauliza: ulijua? Ulionywa? Ulifunga? Na Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba azungushe ukuta mdogo juu ya paa, mtu asije akaanguka. Haimwambii abandike tangazo la "angalia unapokanyaga" halafu akalale.

Habari ya macho kuchoka imejulikana tangu mwaka 1948. Anayeuza chombo kinachomdai mtu umakini ambao binadamu hana, tena akakipa jina linaloahidi mapumziko, huyo ameonywa na hajafunga ng'ombe wake. Bodi ya NTSB yenyewe, baada ya kumtaja aliyekuwa kwenye kiti, iliitaja pia kampuni: upimaji dhaifu wa hatari, usimamizi mbovu wa waangalizi wake, na kukosa njia za kukabiliana na watu kuizoea mashine. Ikalitaja na jimbo la Arizona kwa kutosimamia majaribio yale ipasavyo.

Mtafiti wa Marekani Madeleine Clare Elish ana picha nzuri juu ya jambo hili. Pua ya gari hutengenezwa ikunjamane kwenye ajali ili abiria wapone. Katika mifumo inayojiendesha, anasema, binadamu aliye karibu na usukani anageuzwa kuwa sehemu hiyo ya kukunjamana. Yeye anabondeka, jina la mfumo linabaki salama.

"Basi Frateri, dereva apunguziwe?" Hapana, msikimbie huko. Tunapenda kufikiri hatia ni kama ugali kwenye sinia moja: huyu akimega tonge kubwa, wengine wanabakiwa na dogo. Mbele ya Mungu haigawiwi hivyo. Katekisimu namba 1735 inataja mambo yanayoweza kupunguza uzito wa tendo, kama kutojua, kutokuwa makini, hofu na mazoea. "Mwenzangu naye alikosea" halimo kwenye orodha. Na hata kutokuwa makini, kama nilikutafuta mwenyewe kwa kuwasha simu, kunarudi kwangu. Aliyeunda programu ataungama ya kwake yote, meneja ya kwake yote, dereva ya kwake yote. Mahakama za dunia hazina budi kugawa, ila mahakama inayomwona yule wa mwisho kwenye mstari peke yake imemaliza nusu tu ya kazi ya haki.

Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Hatari ya gari hili ni hiyo. Dereva anadhani kompyuta inaongoza, kompyuta imeundwa ikimtegemea dereva, kampuni inawategemea wote wawili, na chombo kinakwenda bila nahodha.

Mbona yanaokoa maisha?

Kuna hoja nzito upande wa pili, na haki inadai tuisikilize. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema watu karibu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Yaani ni sisi, vijana. Na breki ya dharura inayojikamata yenyewe, kwa utafiti wa taasisi ya IIHS ya Marekani, imepunguza ajali za kugonga gari la mbele kwa karibu nusu. Anayekataa kila kitu kipya kwa jina la dini ajiulize anamwonea huruma nani.

Lakini angalieni tofauti. Breki ya dharura inakulinda wewe. Unaendesha kama kawaida, ukiteleza inakudaka, kama malaika mlinzi asiye na maneno mengi. Mfumo unaoshika usukani na mwendo umegeuza kazi hiyo: sasa wewe ndiye unayetakiwa kuudaka ukiteleza. Chombo cha kwanza kinaongeza jicho la pili juu ya jicho lako. Cha pili, usipoangalia, kinalifunga jicho lako kisha kinalidai wakati wa shida.

Mtu asiseme haya ni mambo ya Ulaya na Marekani. Magari mengi tunayonunua yametumika Japani kwanza. Subaru walianza kuweka EyeSight kule mwaka 2008, na Toyota Safety Sense ilianza mwaka 2015. Magari hayo yanashuka Dar es Salaam na Mombasa, na ile kamera juu ya kioo cha mbele ipo. Inategemea kuona mistari ya barabara, na mistari yetu mingi imefutika. Haikufundishwa mkokoteni usio na taa wala bodaboda inayokuja upande usio wake. Maandishi mara nyingi ni ya Kijapani, dereva anabonyeza kitufe asichojua kinawasha nini. Kioo kikipasuka, tunaweka kingine bila kamera kupimwa upya. Kumkabidhi mdogo wako ufunguo wa gari kama hilo bila maelezo ni kumwachia ng'ombe kamba ikiwa mkononi mwako.

Iliona, haikutambua

Narudi Tempe, maana kuna jambo haliniachi. Kompyuta ilimwona yule mama kwa sekunde tano na zaidi. Gari, kitu kingine, baiskeli. Neno "mtu" halikuja. Na ndani ya gari lilelile alikuwepo kiumbe mmoja ambaye angelijua neno hilo mara moja, bila hesabu yoyote, kama angeinua macho. Mashine ilitazama bila kutambua. Binadamu angetambua, lakini hakutazama.

Katika mfano wa Msamaria mwema, kuhani na Mlawi walimwona majeruhi, wakapita upande mwingine. Msamaria naye alimwona, akahurumia. Kumtambua mtu kuwa jirani ni kazi ambayo huwezi kumpa mwingine akufanyie, sembuse kamera. Unaweza kuipa mashine usukani kwa muda. Huwezi kuipa jirani yako ikupendee kwa niaba yako.

Na pale Gethsemane Yesu aliwaomba wanafunzi jambo dogo mno: wakeshe naye saa moja. Alijua mwili ni dhaifu, alisema mwenyewe. Hakuufanya udhaifu huo kuwa ruhusa ya kulala. Aliufanya kuwa sababu ya kukesha na kusali. Nadhani dereva Mkristo anaweza kuupokea mwito huohuo akiwa amefunga mkanda.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha gari, jiulize haya manne. Je, ninajua gari hili linafanya nini lenyewe na haliwezi nini? Simu yangu iko wapi? Nimelala vya kutosha, au nataka mashine inifiche usingizi wangu? Na nikikutana na mtu asiye kwenye kivuko, usiku, bila taa, nitakuwa namtazama? Kama una rozari imening'inia kwenye kioo, ikukumbushe hayo. Rozari haishiki breki.

Nanyi vijana mnaosoma uhandisi na kompyuta, msidhani mada hii inawapita pembeni. Siku moja mmoja wenu ataandika mstari wa programu utakaoamua ni nani anahesabika kuwa mtu barabarani. Jengeni ukuta juu ya paa.

Ee Bwana, utujalie macho yanayokesha na moyo unaomtambua jirani. Mtakatifu Kristofa, utuombee. Amina.